Hesabu ya tajiri haikosi, akiba yako inakosa kila siku: kwa nini?

Msomaji wetu, dereva wa bodaboda, ameuliza:

"Shikamoo dada. Nina miaka 27, naendesha bodaboda hapa Morogoro. Pikipiki si yangu, kila siku napeleka hesabu ya 8,000 kwa tajiri, Jumapili tu ndiyo nafanya ya kwangu. Nikishatoa hesabu, mafuta na kula nabaki na 7,000, siku nzuri 12,000. Nataka kununua yangu, dukani wameniambia 2,800,000. Huu mwaka wa pili sina hata laki moja. Kibubu nimekivunja mwenyewe mara mbili, mara ya tatu mama aliumwa usiku nikakipasua. Hela nyingine inaishia kijiweni, kwenye bando na mikeka ya kubeti. Nimewasikiliza sana wahamasishaji. Wanasema ukifanya jambo siku 21 linakuwa tabia, na kwamba maskini anabaki maskini kwa kukosa nidhamu. Naomba kujua utafiti unasemaje. Nidhamu inafundishika, au mimi nimeumbwa hivi? Na mpango kama huu niwaambie wenzangu au nifanye kimya kimya?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina jambo umelipita haraka sana, nami nataka turudi hapo kabla ya yote. Unapeleka 8,000 kila siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni 48,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni 2,496,000, yaani umebakiza laki tatu na kidogo tu kuifikia bei ya pikipiki unayoitaka. Umeitoa siku za mvua, siku za pancha, siku trafiki amekusimamisha, siku abiria hawakuonekana. Mtu aliyefanya hivyo mwaka wa pili sasa haniambii hana nidhamu nikamwamini. Nidhamu unayo, na tajiri wako anaishi kwayo.

Kwa hiyo swali la "nimeumbwa hivi?" tuliweke pembeni, tuulize lingine: hesabu ya tajiri ina nini ambacho akiba yako haina? Ina kiasi kinachojulikana tangu asubuhi. Ina saa yake na mahali pake. Inatoka kabla hujaanza kufikiria matumizi mengine. Na ina mtu ambaye usipotokea atapiga simu. Akiba yako kwa sasa ni kile kitakachobaki usiku, kiasi chochote, popote, na hakuna wa kuuliza. Mpangilio wa namna hiyo ungemshinda karibu kila mtu, mwenye mshahara akiwemo.

Nina sababu ya kukuambia hivi, na sababu hiyo inatoka kwa watu wa kazi yako. Magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na Santiago Saavedra waliwafuatilia bodaboda wa baiskeli, ambao waliandika kila siku walivyofanya kazi na mahitaji ya fedha waliyokuwa nayo siku hiyo. Siku dereva anapokuwa na jambo la kulipia, kama mchango wa kikundi, ada au mgonjwa nyumbani, anakaa barabarani muda mrefu zaidi. Na akishaipata ile fedha ya siku, uwezekano wa kufunga kazi na kurudi nyumbani unapanda ghafla. Kwa maneno mengine, hitaji la leo linamtoa mtu jasho, la mwakani halimtoi. Nadhani unajiona humo. Tajiri yumo kwenye mahesabu ya leo, mafuta yamo, sahani ya wali imo. Pikipiki yako haimo. Kazi yetu ni kuiingiza humo, iwe deni la leo lenye kiasi chake.

Sasa hizo siku 21. Chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Alikuwa anaeleza alichokiona kwa wagonjwa wake. Jaribio la tabia halikuwepo, na hata lile neno "angalau" wahamasishaji wamelidondosha njiani. Waliopima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni, wakafuatiliwa kwa siku 84. Kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma. Aliyewahi zaidi ni siku 18, na kuna ambaye mahesabu yalionyesha angehitaji siku 254. Matendo mepesi yalishika mapema kuliko mazito. Na kuna jambo kwenye utafiti huo ambalo natamani kila bodaboda wa kijiwe chako alijue: kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Walioruka siku wakaendelea, tabia ilijijenga vilevile. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 bado unajisukuma, hujashindwa. Uko pale pale ambapo watu wengi wanakuwa.

Kuhusu nidhamu kufundishika nitakuwa mfupi, kwa sababu habari yenyewe imebadilika sana. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake waliwakalisha watu mbele ya biskuti za moto za chokoleti na bakuli la figili. Walioruhusiwa figili tu waliliacha mapema fumbo gumu walilopewa baadaye. Ikasambaa dunia nzima kwamba nguvu ya kujizuia inachoka ikitumika, na inaweza kufanyishwa mazoezi ikakua. Mwaka 2016 maabara 23 zikafanya jaribio la aina hiyo kwa watu zaidi ya 2,000, tofauti iliyoonekana ikawa karibu na sifuri. Wanaouza mafunzo ya kukuza utashi wangepaswa kuwaambia wateja wao hilo. Utafiti ninaouona una faida zaidi kwako ni wa Wilhelm Hofmann na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012. Watu wazima 205 wa Würzburg, Ujerumani, walibeba vifaa vilivyowaita mara kadhaa kwa siku kuwauliza: sasa hivi unatamani nini, na unajizuia? Ungetegemea wale wenye sifa ya kujidhibiti wawe wanapigana na vishawishi kutwa nzima na kuvishinda. Kumbe walikutana na vishawishi vichache tu. Maisha yao yalikuwa yamepangwa hivi kwamba mapigano hayatokei mara kwa mara.

Sasa tuje kwenye kibubu, maana hapa ndipo utafiti ulipofika karibu kabisa na nyumba yako.

Dupas na Robinson hao hao walifanya jaribio jingine magharibi mwa Kenya, likachapishwa mwaka 2013. Walikwenda kwenye vikundi vya mchezo, hivi ambavyo kila mtu anachanga na mmoja anapokea kwa zamu, wakavigawa kwa bahati nasibu. Wanachama wa baadhi ya vikundi walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kupitishia fedha juu, kufuli na funguo, wakaambiwa waweke akiba kwa ajili ya jambo la afya walilolichagua wenyewe, kama vile chandarua. Wengine walipewa sanduku lile lile, ila funguo zikabaki kwa mtu wa mradi: sanduku lingefunguliwa tu fedha ikishafika kiasi cha kununulia kitu kile. Kundi la tatu likaanzisha chungu cha pili ndani ya mchezo wao, mahususi kwa vitu hivyo vya afya. Kundi la nne likawa na akaunti ya matibabu kwa mweka hazina, ya kuchukulia pale tu ugonjwa unapotokea.

Ukiniuliza bila kuniambia matokeo, ningesema sanduku lisilofunguka ndilo litakaloshinda. Mtu amefungwa mikono, atafanya nini? Baada ya mwaka, waliopewa sanduku lenye funguo zao wenyewe walikuwa wametumia kwenye kinga ya afya takriban theluthi mbili zaidi ya wasiopewa kitu. Wale wa sanduku lisilofunguka, kwa wastani, hawakuonyesha tofauti inayopimika. Watu waliogopa kutia fedha mahali ambapo usiku mtoto akipandwa na homa haiwezi kutoka. Chungu cha pamoja kiliwashinda wote, kikaongeza matumizi hayo zaidi ya mara mbili. Na wale wa akaunti ya matibabu, ugonjwa ulipokuja, walishindwa kulipia tiba mara chache kuliko wenzao.

Soma tena kilichotokea kwa vibubu vyako ukiwa na habari hiyo mkononi. Mara ya tatu ulikipasua kwa sababu mama aliumwa. Huko siko kushindwa kuweka akiba. Hiyo ilikuwa akiba iliyofanya kazi yake, ila ilibeba majina mawili kwa pamoja: pikipiki na dharura. Dharura ikija inamla mwenzake, na ukishaona hivyo mara moja, moyo wa kuanza upya unakufa. Kwa hiyo unahitaji vibubu viwili, na hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika. Kimoja cha mama, yaani cha ugonjwa na msiba, kidogo, funguo unazo mwenyewe, na kukifungua kwa kazi hiyo hakuna lawama. Cha pili cha pikipiki. Kwanini sanduku la chuma ambalo mwenye nalo anaweza kulifungua wakati wowote lilisaidia hata hivyo? Sababu moja ni kwamba fedha iliyokwisha kuingia humo ilikuwa na kazi yake tayari. Watu waliona uzito kuigeuza, na ndugu au rafiki akija kuomba, ilikuwa rahisi kumjibu kwa ukweli kwamba hakuna fedha ya kutoa. Fedha ya mfukoni haina jina, kila mtu ana haki nayo.

Bila shaka utaniuliza, basi si nifungue akaunti tu? Watafiti hao walilijaribu na hilo, katika mji mdogo wa Bumala, magharibi mwa Kenya, kwa kuwalipia akina mama wa sokoni na bodaboda wa baiskeli gharama ya kufungua akaunti. Akaunti zenyewe hazikutoa riba, na kutoa fedha kulikuwa na makato. Pamoja na hayo akina mama waliweka akiba na kuongeza mtaji kwenye biashara zao kwa kiasi kikubwa. Kwa bodaboda haikuonekana tofauti ya maana. Wanaume waliopimwa walikuwa wachache, hivyo sitajenga nyumba juu ya matokeo hayo, lakini yananitosha kukuambia kwamba akaunti peke yake, bila kubadili saa na namna fedha inavyotoka mkononi mwako, usiitegemee.

Mchezo ndio ninaokusukumia. Mary Kay Gugerty alivichunguza vikundi vya aina hiyo magharibi mwa Kenya, na katika makala yake ya mwaka 2007 akaonyesha kwamba wanachama wanavitumia kujifunga wenyewe dhidi ya matumizi ya haraka. Wanajua kabisa kwamba fedha ikikaa nao itaondoka, ndiyo maana wanaingia. Hapo Morogoro hukosi mchezo kijiweni kwako au kwenye soko la jirani. Chagua wenye watu wachache, wanaofahamiana makwao, na kijumbe ambaye amekwisha kusimamia mzunguko mzima angalau mmoja bila malalamiko. Omba zamu ya mwisho mwisho. Anayepokea mapema amekopa, na wewe shida yako si mkopo. Zamu ya mwisho ina hatari yake, kwamba wengine wakishapokea wanaweza kukimbia, na ndiyo sababu nasema watu wachache na kijumbe wa kuaminika.

Hapo nataka niseme neno kuhusu mkataba, maana najua utakuwa umeufikiria: unamlipa mwenye pikipiki kila siku kiasi kikubwa kuliko hesabu, na baada ya mwaka na ushee pikipiki inakuwa yako. Kisaikolojia, mkataba ni kufuli kali kuliko lote, na kwa watu wengi unafanya kazi kwa sababu zile zile hesabu inafanya kazi. Usiudharau. Piga tu mahesabu ya jumla utakayolipa mpaka mwisho, toa bei ya dukani, kinachobaki ndiyo bei ya hilo kufuli pamoja na ya kukopeshwa. Kisha uliza kwa maandishi: ukiugua wiki mbili inakuwaje? Ukiipata ajali mwezi wa kumi, ulichokwisha kulipa kinakwenda wapi? Mkataba usiojibu maswali hayo mawili usiusaini.

Tuweke mpango sasa. Siku 6 za hesabu, toa 3,000 ya pikipiki na 500 ya kibubu cha mama. Jumapili, kwa kuwa hakuna hesabu, toa 10,000 ya pikipiki. Ya pikipiki peke yake ni 28,000 kwa wiki, na 2,800,000 inafika kwa wiki 100. Ni karibu miaka miwili. Najua ni ndefu, na atakayekuahidi miezi sita kwa kipato hiki anakudanganya. Siku ya 7,000 bado utabaki na 3,500 mkononi. Ikikubana, shuka mpaka 2,000, lakini kiasi kiwe kimoja kila siku, kisichojadiliwa.

Kiasi pekee hakitoshi, kinahitaji saa na mahali. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwa miaka mingi tofauti kati ya mtu anayesema "nitafanya" na anayesema "likitokea hili, nafanya hili." Katika jaribio lake la mwaka 1997 na Veronika Brandstätter, wanafunzi waliombwa kuandika ripoti ndani ya saa 48 baada ya mkesha wa Krismasi. Waliotaja mapema saa na mahali watakapokaa kuandika, asilimia 71 waliifanya. Wasiotaja ni asilimia 32. Kwenye maisha ya nje ya chuo tofauti huwa ndogo zaidi. Katherine Milkman na wenzake walipowaandikia wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani kuhusu chanjo ya mafua, walioachiwa nafasi ya kuandika tarehe na saa walichanjwa asilimia 37.1, wenzao asilimia 33.1. Ni nyongeza ya wastani, lakini haikugharimu kitu, na wewe utaitumia kila siku badala ya mara moja.

Kwa hiyo sentensi yako iwe hivi, na uiseme kwa maneno yako: nikishamkabidhi tajiri hesabu yake, kabla sijaondoka pale, nahesabu 3,500 naitia mfuko wa ndani wenye zipu, nikifika nyumbani, kabla sijavua koti, inaingia kwenye masanduku. Usisubiri usiku. Usipitie kijiweni kwanza. Hesabu imekwisha kuwa tabia, hivyo tunaibebesha tabia ya pili mgongoni mwake. Na iwepo sentensi ya siku mbaya pia, maana siku mbaya zitakuja: nikiwa nimepigwa faini au tairi limeniishia, naweka 500 tu. Mia tano hiyo haitanunua pikipiki, lakini inalinda siku isiwe tupu, na inakuepusha na ile hali ya kusema "nimeshaharibu, basi" na kumaliza kila kitu jioni ile ile. Kila Jumatatu asubuhi, fedha ya kibubu cha pikipiki itoke nyumbani: iende kwenye mchezo, kikoba, SACCOS au benki. Wiki moja ndani inatosha.

Tafuta pia alama ya kuonekana. Huko Kibera, Nairobi, watafiti wanne, Merve Akbas, Dan Ariely, David Robalino na Michael Weber, walijaribu mbinu mbalimbali za kuwasaidia watu wa vipato vidogo kuweka akiba. Walipeleka ujumbe wa kukumbusha, wakaongeza fedha juu ya akiba, na baadhi yao wakapewa sarafu yenye rangi ya dhahabu iliyoandikwa namba za wiki, waiweke mahali panapoonekana nyumbani na kila wiki waikwaruze kwa kisu kuonyesha kama wameweka au hawakuweka. Sarafu hiyo ndiyo iliyoongeza akiba kuliko nyongeza ya fedha. Niseme wazi kwamba makala nyingine ambayo Ariely alikuwa mmoja wa waandishi wake ilifutwa mwaka 2021 baada ya data zake kugundulika kuwa na kasoro kubwa, hivyo matokeo haya nayapokea kwa tahadhari. Lakini kalenda ya ukutani na kalamu havina gharama. Weka alama kila siku, mahali ambapo na mama ataona.

Je, uwaambie watu? Hapa majibu mawili yanayosikika kupingana yote ni kweli. Gollwitzer na wenzake mwaka 2009 walionyesha kwamba watu wanapotangaza nia inayohusu wanayetaka kuwa, na wengine wakaitambua, bidii yao ilipungua. Kule kutambuliwa tu kulikwisha kuwapa sehemu ya utamu. Kwa upande mwingine, huko Chile, Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz waliwaweka wafanyabiashara wadogo kwenye vikundi ambamo kila mmoja alitaja lengo lake la akiba na kila wiki kikundi kikaangalia kama ameweka. Idadi ya mara walizoweka ilikua mara 3.5, na akiba zao karibu zikaongezeka maradufu. Tofauti iko kwenye kinachosemwa. Kijiweni kutangaza kwamba mwakani unakuwa tajiri kutakupa pongezi leo na waombaji kesho, usiseme. Kwa mtu mmoja unayemheshimu, dada, mjomba, mchumba, taja kiasi cha wiki na umtumie ujumbe kila Jumapili usiku: wiki hii 28,000, au wiki hii 14,000. Asikushikie fedha. Akuulize tu pale usipotuma. Waliofanya utafiti wa Chile waliona kwamba hata ujumbe wa simu wa kumjulisha mtu maendeleo yake ulifanya kazi karibu sawa na kikundi chenyewe.

Nimeiacha mikeka mwisho kwa sababu inahitaji maneno ya peke yake. Umeitaja kwa neno moja, nami sijui ni kiasi gani, hivyo nitakuandikia kama dada yako.

Mkeka una namna ya kukuvuta ambayo bando haina. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliwachezesha watu mashine ya kamari wakiangalia ubongo wao. Kukosa huku umekaribia kushinda hakukuwafurahisha wachezaji. Waliona ni vibaya kuliko kukosa kabisa. Na bado, pale walipokuwa wamechagua wenyewe alama ya kuchezea, kuliwaongezea hamu ya kucheza tena, na sehemu za ubongo zinazoitika mtu anaposhinda ziliitika. Wewe unakijua kitu hicho kwa jina lake: mkeka wa timu nane, saba zimeingia, moja imeuchana dakika ya 90. Unaondoka umeliwa, lakini unajisikia umekaribia. Hujakaribia. Mkeka uliochanika kwa timu moja na uliochanika kwa timu nane vimelipa sawasawa, na wa Jumamosi ijayo haujui chochote kuhusu wa Jumamosi hii.

Halafu kuna mahali. David Neal, Wendy Wood na wenzao walitoa bisi kwa watu waliokwenda kuangalia filamu, baadhi za siku hiyo, baadhi zilizolala siku 7. Waliozoea sana kula bisi sinema walikula zile za zamani karibu sawa na mpya, ingawa walisema hazina ladha. Walipoangalia video kwenye chumba cha mkutano, mazoea hayo hayakuonekana. Na walipoambiwa wale kwa mkono wasiouzoea hata ndani ya sinema, walirudi kula kwa kipimo cha ladha. Wekea mkono wako wa kubeti ugumu wa namna hiyo. Futa programu kwenye simu, ili kila mara ulazimike kuanza upya. Laini ya simu unayolipia mikeka isikae na shilingi ya akiba hata kwa usiku mmoja. Saa za mechi za Jumamosi, ambazo kijiwe kizima kinapanga mikeka, ziwe saa za kupakia abiria upande mwingine wa mji. Kwa wiki mbili andika kila shilingi inayokwenda huko, bila kujizuia kwanza, ili tujue tunazungumzia kiasi gani.

Baada ya wiki hizo mbili jiulize mambo haya. Unabeti zaidi ili kurudisha iliyoliwa? Umewahi kubeti hesabu ya tajiri, au kukopa kausha damu kwa ajili hiyo? Unamficha mama? Unapojaribu kuacha unakuwa na hasira au unakosa usingizi? Kama yapo zaidi ya moja, masanduku na kalenda nilizokuandikia havitatosha, na usijilaumu kwa hilo. Kamari iliyofika hapo ni ugonjwa unaotambulika na una tiba, hasa ya mazungumzo ya kitaalamu. Ulizia kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo Morogoro, au Mirembe pale Dodoma. Ukifika mwambie mtaalamu kwamba tatizo ni kamari, umtajie na kiasi unachodaiwa kama kilivyo, bila kukipunguza.